Shule Niliyoihama

Mwezi uliopita, nikiwa katikati ya mhadhara kuhusu Elimu ya Kujitegemea, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliyeketi safu ya nyuma alinyoosha mkono. Nilikuwa nimetoka kueleza, kwa mbwembwe ninazozijua mwenyewe, jinsi andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967 lilivyokusudia shule imlee mtoto aitumikie jamii yake badala ya kuikimbia. Nikadhani anataka ufafanuzi.

"Samahani Dokta," akasema, "watoto wako wanasoma wapi?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikasema swali ni zuri ila liko nje ya mada, nikaendelea na mhadhara. Halikuwa nje ya mada hata kidogo. Ninaandika makala haya kwa sababu kijana yule ananidai jibu, na jibu lenyewe lisingetosha katika dakika tano za mwisho wa kipindi.

Niliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1980 katika shule ya msingi ya serikali mjini Mpanda. Wakati huo tulikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuzaliwa mwaka 2012. Mpanda ilikuwa mwisho wa reli, na ninasema hivyo kwa maana yake halisi. Waingereza walivuta tawi la reli kutoka Kaliua kufuata madini ya risasi, mgodi ukafungwa, reli ikabaki, nasi tukabaki nayo. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, na mlio wake ulifika hadi kwenye shamba la tumbaku la baba. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa madarasa mawili, alikuwa hatui kuni za bani mpaka asikie mlio wa kwanza. Kisha tulikimbia wote wawili, yeye akinivuta mkono, na mara nyingi tulifika mchakamchaka ukiwa umekwisha na fimbo inatungoja mlangoni.

Sisi tulikuwa zao la Elimu ya Msingi kwa Wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani, na kwa kuwa walimu hawakutosha, serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa mafunzo wakiwa kazini, ikawakabidhi madarasa. Watu wenye maneno yao waligeuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mwalimu wangu wa darasa la pili alikuwa mmoja wa vijana hao. Hakujua mengi, na nadhani mwenyewe alilifahamu hilo, kwa maana kila alipokwama aliahidi kwenda kuuliza, na kesho yake alirudi na jibu. Lakini aliijua nyumba ya kila mmoja wetu. Nilipougua malaria wiki nzima, alikuja jioni moja, akaketi kwenye kigoda cha mama, akamwaga punje za mahindi juu ya ungo na kunifundisha kugawanya. Hadi leo nikigawanya kichwani ninaziona punje zile.

Sitaki kuipamba shule ile. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano, na aliyekaa pembeni alizoea kusoma herufi zikiwa zimelala. Tulichota maji ya nyumba za walimu, tulilima shamba la shule tusilokula mavuno yake, na kuna wenzangu walioacha masomo kwa sababu ya fimbo tu, wala si kwa sababu nyingine. Ninayemsikia akisema shule za zamani zilikuwa nzuri huwa namuuliza alikaa dawati la ngapi.

Ila kuna jambo moja shule ile ililifanya ambalo sijaliona likifanywa na chombo kingine chochote katika nchi hii. Nikiwa darasa la sita tulipelekwa Katumba kucheza mpira. Katumba ilikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, waliokimbia mauaji ya 1972, na kwetu nyumbani watu walikuwa na maneno mengi juu yao. Tukawakuta watoto wenye jezi zilizochakaa kama zetu, vitabu vilevile vya Kiswahili, nyimbo zilezile za asubuhi. Golikipa wao alinitania kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Serikali ilianza kuwakabidhi wakimbizi wale vyeti vya uraia mwaka 2014. Kwa macho yangu, shule ilikuwa imekwisha kuwafanya Watanzania karibu miaka thelathini kabla ya karatasi ile.

Kaka alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1984. Katika darasa lao alichaguliwa mmoja kwenda sekondari, naye hakuwa huyo mmoja. Mwaka 1986 nikafanya mimi, tukachaguliwa wawili. Sijawahi kuamini, hata siku moja, kwamba nilimzidi kaka akili. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, ndiye aliyekuwa akimhesabia baba uzito wa marobota ya tumbaku mbele ya karani, na karani alikuwa akimwogopa. Nafasi zilikuwa chache mno, basi. Mimi nilipewa waranti ya kusafiria, nikapanda treni usiku kwenda shule ya bweni Tabora. Yeye alibeba sanduku langu la bati hadi stesheni, kisha akarudi shambani.

Huko Tabora nilikutana na jambo ambalo litarudi mbele katika simulizi hii, hivyo nalisema kwa kifupi. Somo la kwanza la baiolojia lilifundishwa kwa Kiingereza, na kwa muda wa saa nzima sikuelewa neno isipokuwa jina langu lilipoitwa. Miaka mitano kabla ya hapo, Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuutazama upya mfumo wa elimu, ilikuwa imependekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali ikaliacha pendekezo hilo. Kama lingetekelezwa, mimi ningekuwa kundi la tatu la kunufaika nalo. Badala yake nilikariri. Nilikariri usanisinuru kama mtu anavyokariri sala ya lugha asiyoijua, na kwa kuwa bwenini kulikuwa na taa, chakula, maktaba na walimu waliotusimamia hadi saa nne usiku, baada ya miaka miwili maneno yalianza kufunguka. Naomba msomaji alishike hilo: ilihitaji taa, chakula, maktaba na miaka miwili.

Yaliyofuata nayapita. Nikawa mhadhiri, nikaoa, nikahamia Dodoma, binti yetu wa kwanza akazaliwa mwaka 2009. Umri wake wa kuanza darasa la kwanza ukaangukia Januari 2016, mwezi uleule ambao serikali iliondoa ada na michango ya lazima kuanzia shule za awali hadi kidato cha nne. Niliandika wakati huo kuusifu uamuzi ule, na bado nausifu. Asubuhi moja nikamshika binti yangu mkono, tukaenda shule ya msingi ya jirani. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja na sitini katika chumba kimoja. Waliojaa sakafuni walikuwa wengi kuliko waliopata madawati, na mwalimu, mama wa makamo, alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Akanisalimia kwa heshima. Akasema, "Karibu baba, tutamweka." Nikasema narudi kesho na daftari zake.

Sikurudi. Wiki ileile nililipa muhula wa kwanza katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, ada ambayo kwa mwaka ilimeza zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mzima. Haki yake nampa: mwalimu wa pale alimjua mtoto wangu kwa jina, alinipigia simu anapokohoa, na vitabu vilikuwa kimoja kwa kila mtoto. Tatizo nililiona mwaka wa tatu, siku binti aliporudi na alama nyekundu ya kamba shingoni. Shuleni kwao aliyesikika akisema Kiswahili alivishwa kibao mpaka atakapomkamata mwingine wa kumvisha. Nililalamika, nikajibiwa kwa upole kwamba wazazi wenyewe ndio wanaotaka. Nikalipa muhula uliofuata.

Kisha ikaja Machi 2020. Tarehe 17 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, vyuo vikafuata, nami nikawapakia wanangu wawili kwenye gari tukaelekea Mpanda kwa mama, kupitia Tabora na Koga, barabara ikiwa bado haijakamilika lami. Nikawaza kwamba mtu mwenye shahada tatu hawezi kushindwa kufundisha watoto wake mwenyewe barazani.

Nilishindwa siku ya nne. Binti alikuwa darasa la tano. Nilipaswa kumweleza kwa nini sehemu ikigawanywa kwa sehemu jibu huwa kubwa, na nikajikuta nimebaki na kanuni peke yake, bila maelezo. Mama yangu alikuwa ameketi kando akichambua maharage. Yeye hakusoma shule. Alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya ngumbaro yaliyoenea baada ya 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akaniuliza kwa utulivu, "Nusu debe lina robo debe ngapi?" Binti akajibu, "Mbili." Mama akarudi kwenye maharage yake. Nadhani ndipo nilipoacha kujivunia vyeti vyangu kwa muda wa kama wiki moja.

Mtoto wa kaka, aliyekuwa darasa la saba katika shule ya serikali palepale Mpanda, akaanza kuja na daftari lake. Akaja na jirani, jirani akaja na mdogo wake. Kufikia Aprili nilikuwa na watoto saba kwenye mkeka. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Kumsomesha nyumbani si desturi yetu, na mtu anayelifikiria namshauri kwanza ajaribu miezi miwili. Mimi nilichokipata katika miezi hiyo hakikuwa shule. Nilipata nafasi ya kuwatazama watoto wa ukoo mmoja wakikaa mkeka mmoja kwa mara ya kwanza.

Siku moja nilitunga swali. Mkulima ana marobota manane ya tumbaku, ameuza robo tatu yake kwa bei fulani, atafute faida baada ya kuondoa gharama ya mbolea. Mtoto wa kaka alimaliza kabla sijakaa. Binti yangu alinitazama na macho yakamjaa machozi. "Baba, robo tatu ndiyo nini? Na faida ni nini?" Nilipomtafsiria, alikokotoa vizuri kabisa. Mtoto huyu alikuwa mjukuu wa mkulima wa tumbaku.

Kesho yake tukafungua kitabu cha sayansi cha binti, cha Kiingereza, sura ya mzunguko wa damu. Sasa mtoto wa kaka ndiye aliyenyamaza. Aliingiza mikono chini ya mapaja, akawa anatazama midomo yetu. Nilipompa zamu ya kunakili, alinakili kwa mwandiko mzuri ajabu, kila herufi mahali pake, bila kuelewa hata sentensi moja. Nikamwambia aeleze kwa Kiswahili anachokijua kuhusu moyo. Akasimulia mbuzi aliyechinjwa Pasaka, mishipa ipi inatoka wapi, ipi ni minene na kwa nini damu ya huku ni nyeusi kuliko ya kule. Binti yangu alisikiliza mdomo wazi. Pale barazani kulikuwa na watoto wawili wenye akili, kila mmoja akiwa amefungiwa nje ya nusu ya nchi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimelipia ufunguo wa mlango mmoja.

Jioni ya mwisho kabla sijarudi Dodoma, kwa kuwa vyuo vilikuwa vinafunguliwa tarehe 1 Juni, kaka alinisindikiza kwenda kununua sabuni dukani. Njiani akasema, bila kunitazama, "Mdogo wangu, huyu mtoto mwakani anaingia kidato cha kwanza. Huku Kiingereza atakipata wapi? Nilikuwa nafikiri akae kwako hata mwaka mmoja." Ni yeye aliyenibebea sanduku la bati. Nilikuwa na chumba, na ada ya mtoto wa tatu ingeniuma lakini isingeniua. Nikasema, "Tutaona, kaka."

Kwetu neno hilo kila mtu anajua maana yake. Hakuniuliza tena.

Mtoto alifaulu mtihani wa Oktoba vizuri, hisabati alipata A. Januari 2021 akaingia sekondari ya kata. Shule hizi zilizoenea kuanzia miaka ya 2000 zimefungua mlango ambao kwa kaka ulikuwa umefungwa, na mtu anayezibeza mbele yangu nitamkumbusha ile nafasi moja ya mwaka 1984. Lakini mlango ukifunguka na ndani hakuna taa, chakula wala maktaba, na lugha ni ileile iliyonifunga mdomo miaka miwili, mtoto anatarajiwa afanye nini? Kila siku alitembea zaidi ya saa moja kwenda na nyingine kurudi. Mwishoni mwa 2022 alifanya mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, akapata B ya Kiswahili na F katika karibu masomo yote mengine, hisabati ikiwamo. Akatakiwa kurudia kidato. Akarudia hadi Aprili, kisha akaenda machimbo ya dhahabu.

Nilipompigia simu kumgombeza, kwa mamlaka ambayo sijui niliyatoa wapi, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba mdogo, hesabu nazijua. Swali ndilo sijui linataka nini."

Tumezoea kulijadili jambo hili kama ugomvi wa lugha mbili, wengine wakipigania uzalendo na wengine utandawazi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilizungumzia Kiswahili kufundishia katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likakiacha Kiingereza kuwa lugha ya sekondari. Katikati ya tarehe hizo mbili nami niliwahi kualikwa katika kikao kimoja cha kutoa maoni. Tulikuwa wasomi kama ishirini. Nilikuwa na takwimu na nukuu kwenye mkoba. Wakati wa chai nikamuuliza jirani yangu watoto wake wanasoma wapi, akanitajia shule binafsi. Nikamuuliza wa pili, vilevile. Sikumuuliza wa tatu kwa sababu naye angeniuliza. Katika chumba kile, kadiri nilivyoweza kujua, uamuzi wowote ambao ungetolewa usingemgusa mtoto wa yeyote aliyekuwa mezani. Niliongea dakika saba, kwa ufasaha, nikaketi. Mzazi anayejua kwamba Jumatatu mwanawe ataketi sakafuni huwa haongei kwa ufasaha namna ile. Anapiga meza.

Mpanda imemtoa Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliyejiita mwenyewe mtoto wa mkulima na hakuwa akitania. Imewatoa wahandisi, madaktari, na wahadhiri wa aina yangu. Sote tulipita kwenye madarasa yale ya umma, na tulipopata uwezo tukaondoka humo na watoto wetu, na bila kutambua tukaondoka na sauti zetu pia: hatuhudhurii mkutano wa wazazi, hatumjui mwalimu mkuu, hatujui kwamba choo kimejaa tangu Machi. Kwa hiyo, kijana wa safu ya nyuma, jibu lako ni hili: wanangu wanasoma shule binafsi, na kama ningerudishwa Januari 2016 mbele ya chumba kile chenye watoto mia moja na sitini, naogopa ningemdanganya tena yule mama kwamba narudi kesho na daftari.

Kaka ana binti, kitinda mimba wake, ambaye mwaka huu yuko darasa la saba. Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu, safari hii bila kusubiri kuombwa, nikamwambia chumba kipo, aje Dodoma kidato cha kwanza. Akanyamaza kidogo. Nilisikia akimwita shemeji, wakasemezana, kisha akamwita binti mwenyewe. Aliporudi kwenye simu akanishukuru sana, akasema mtoto hataki kuwaacha wenzake. Watakwenda pamoja sekondari ya kata, ile ile ya kaka yake.

"Ila kuna mkutano wa wazazi pale sekondari, hata sisi ambao watoto wetu wataingia mwakani tumeitwa," akasema. "Wanataka kuzungumzia chakula cha mchana na mwalimu wa Kiingereza, wanaye mmoja tu. Njoo, mdogo wangu. Sisi tukisema wanatuona wakulima tu."

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Ijumaa nina kipindi cha mwaka wa pili, darasa la yule kijana. Nimekiahirisha, na tiketi ya basi nimekata.